Kabla mbwa hajafyata mkia

Kila mwaka, inapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kitengo chetu hubeba maboksi ya chanjo yenye barafu na kwenda kupiga kambi kwenye viwanja vya shule. Ikifika saa nne asubuhi foleni imeshazunguka mwembe: watoto wengi, wazee wachache, na mbwa waliofungwa kamba za manila, nyaya, hata vipande vya kanga. Katika foleni moja kama hiyo nilimwona mbwa wa kahawia ameketi kimya pembeni ya kijana wa miaka kama kumi na miwili, anapiga miayo mmoja baada ya mwingine.

"Mwanangu, mbwa wako ana nini?"

"Hana neno, Dokta. Alilinda usiku kucha, ana usingizi tu."

Zamu yake ilipofika nilimshika ngozi ya shingo, na nusura aondoke na kidole changu. Kijana alishangaa kweli. Mimi sikuwa na haki ya kushangaa, maana miayo ile niliiona na nikaipuuza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Mbwa hupiga miayo kwa usingizi, hilo ni kweli. Lakini mwayo wa usingizi humkuta mbwa amelala au ndiyo kwanza anaamka, mwili umelegea. Mwayo wa woga humtoka mahali ambapo hakuna kiumbe angesinzia: kwenye foleni ya sindano, ndani ya gari, au mtoto wa mgeni anapomkumbatia shingoni. Mara nyingi huandamana na ulimi unaochomoza ghafla, ukalamba pua na kurudi ndani, ilhali hakuna chakula karibu. Wengine huinua mguu mmoja wa mbele na kuuning'iniza hewani. Wengine huanza kujikuna au kunusa ardhi kwa bidii, kama mtu anayejifanya anatafuta funguo ili asisalimiane na anayemdai.

Waswahili tunaijua dalili moja ya woga wa mbwa kiasi cha kuifanya msemo: kufyata mkia. Kasoro yake ni kwamba huja kwa kuchelewa. Mkia ukishaingia katikati ya miguu ya nyuma, mbwa ameshasema mengi na hakuna aliyesikia.

Mengi kati ya hayo husemwa na damu. Mbwa akiingiwa na hofu, mwili humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, mboni zinapanuka hata juani, damu inakimbilia kwenye misuli na tumbo linapunguza kazi. Ndiyo maana mbwa ambaye nyumbani hunyakua dagaa kabla hawajafika chini, kliniki huwageuzia uso. Hutweta mdomo wazi wakati hakukimbia wala hakuna joto, pembe za mdomo zimevutwa nyuma. Manyoya ya mgongoni husimama, na mengine hupukutika: unampapasa mara moja tu, kiganja kimejaa.

Halafu kuna nyayo. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho ziko hasa kwenye nyama laini za chini ya miguu. Nimeshampima mbwa aliyesimama kwenye meza ya chuma kama sanamu, mwenyewe ananiambia "huyu mpole sana, unaweza kumfanya lolote". Tulipomshusha, alama nne za unyevu zilibaki mezani, kila kidole kimejichora.

Upole wa namna hiyo ndio unaonitia wasiwasi kuliko kelele. Mbwa aliyetulia ukimgusa mwili wake unafuata mkono, na mbavu zinapanda na kushuka. Aliyeganda amefumba mdomo kabisa, kama amezuia pumzi, na misuli imekuwa gogo. Mtazame jicho: kichwa amekigeuzia upande, lakini jicho limebaki kwako, na pembeni yake weupe umejitokeza kama mwezi mwandamo. Ukiuona mwezi huo, ondoa mkono wako, na kama aliye karibu naye ni mtoto, mwondoe mtoto kwanza.

Masikio nayo hulala nyuma. Kwa mbwa mwenye masikio ya kuning'inia angalia shina la sikio, si ncha.

Kuhusu mkia, wengi huamini kwamba mbwa akiutikisa basi amefurahi. Mwaka 2007 watafiti nchini Italia waliwapima mbwa 30 wakakuta kwamba wakimwona mwenye kuwafuga mkia huelemea zaidi kulia, na wakiona mbwa mkubwa wasiyemfahamu huelemea kushoto. Kwa macho yetu ya kawaida tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea. Tazama kiuno: mbwa mwenye furaha hutikisika nusu ya mwili, ila mwenye hofu hutikisa mkia peke yake, mara nyingi ukiwa chini na kwa haraka, mwili umekakamaa.

Anayenguruma asipigwe. Najua ushauri huu haupendwi, hasa pale mbwa anapomngurumia mwenye nyumba. Lakini mngurumo ni onyo, na mbwa anayechapwa kwa kuonya hujifunza kuacha kuonya, si kuacha kuogopa. Huyo ndiye tunayeletewa baadaye na maelezo kwamba "kauma bila sababu".

Na wengi wa wale walioandikiwa "Mbwa Mkali" getini, tukiwachunguza, ni waoga. Mbwa hujifunza kuzoea watu na vitu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake. Aliyepitisha umri huo ndani ya banda, akifunguliwa usiku tu, kila mgeni kwake ni radi.

Si kila mtetemo ni woga, hata hivyo. Kutetemeka huweza kuletwa na sumu au homa, na kutweta kusikokoma siku ya jua kali ni dharura. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate, sauti imekauka au taya limeanguka, usimbembeleze: kaa mbali na uwaite wataalamu wa mifugo, huenda ni kichaa. Akikuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo.

Yule mbwa wa kahawia tulimtoa kwenye foleni, tukampeleka nyuma ya darasa. Nilichuchumaa nikimpa ubavu, bila kumtazama usoni, na kijana akalegeza kamba. Ilituchukua karibu robo saa, na watu walininung'unikia. Alinusa kiatu changu, akaenda, akarudi. Sindano niliichoma pajani wakati kijana anamkuna kifuani. Alipiga hatua kama kumi, akasimama, akajikung'uta mwili mzima kuanzia masikio hadi mkia kana kwamba ametoka mtoni, kisha akarudi kuokota dagaa aliowasusa mwanzo.