"Ukuta Umekauka, Gusa Uone": Tunavyojidanganya Maji Yakishaingia Ndani

Ukuta wa sebule yetu hapa Makorora, Tanga, umepakwa rangi mara tatu ndani ya miaka miwili. Mara mbili za mwanzo rangi ilivimba malengelenge, ikapasuka, ikaanguka chini kama magamba ya changu. Ya tatu imekaa. Rangi ni ileile na fundi ni yuleyule. Tofauti ni kwamba safari ya tatu tulisubiri.

Ilikuwa Aprili, masika yamepamba moto. Mpira wa sinki la jikoni ulichomoka usiku, sisi tuko msibani Pangani. Tuliporudi asubuhi maji yalikuwa yamejaa jikoni, korido na sebule, yanafika kwenye kifundo cha mguu. Majirani walikuja na ndoo na mifagio, tukayatoa, tukapiga deki, na alasiri sakafu ilikuwa inang'aa. Tukamshukuru Mungu, tukaona yameisha.

"Maji yakishatoka, kazi imekwisha."

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Tofali la saruji lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo huvuta maji na kuyapandisha kama utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta ya taa. Maji yetu yalifika kifundoni, lakini siku ya nne alama ya unyevu ukutani ilikuwa imefika gotini. Plasta hukauka juu kwanza kwa sababu ndiko hewa inakogusa. Ndani bado mbichi.

Mafundi wa zege wana makadirio yao: zege jipya likishakomaa, kila sentimita 2.5 za unene huhitaji kama mwezi mzima kukauka, tena hali ya hewa ikiwa nzuri. Zege la zamani lililolowa upya si lazima lichukue muda huohuo, lakini makadirio hayo yanakuonyesha mwendo wa maji ndani ya saruji. Ni mwendo wa kobe. Ukisikia "wiki moja inatosha, mama, kesho tunapiga rangi", jua unaharakishwa.

Kugusa kwa kiganja hakukuambii kitu. Kipimo chenye maana ni nailoni. Kata kipande kinachoonyesha upande wa pili, kisicho na matundu, upana na urefu sentimita 45, kibandike ukutani au sakafuni kwa selotepu pande zote nne, pasibaki upenyo. Kiache mpaka kesho yake saa kama hiyo. Mimi nilibandika jioni kando ya mlango wa jikoni, mahali ambapo fundi alishaapa pamekauka. Nilipobandua, upande wa ndani ulikuwa na matone madogomadogo, kama mfuniko wa sufuria ya wali. Nilimwita fundi aone. Alipitisha kidole kwenye yale matone, akanyamaza, kisha akasema, "Basi mama, tungoje." Tulirudia kipimo kila baada ya wiki mbili, na nailoni ilitoka kavu katika mwezi wa tatu wa kusubiri.

"Ule unga mweupe ni fangasi, upige dawa."

Ukuta unapokauka mara nyingi hutoa unga mweupe. Si fangasi. Ni chumvi iliyokuwa ndani ya saruji, mchanga au udongo. Maji yameiyeyusha, yameibeba hadi nje, yenyewe yamekwenda na hewa, chumvi imebaki. Ukiusugua kwa kitambaa kibichi, chumvi inayeyuka upya na kurudi ndani. Ufagie mkavu kwa brashi, uzoe, uutupe.

Pwani tuna tatizo la ziada. Kuna nyumba zimejengwa kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, na hapa Tanga usiku wa masika tunapita hapo bila shida. Kila mwenye jiko anajua: kibakuli cha chumvi mwezi wa Aprili kinalowa chenyewe, hakuna aliyekimwagia maji. Ukuta wenye chumvi hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo ukiona doa linarudi kila masika na kupotea kila kiangazi, usikimbilie kuvunja sakafu kutafuta bomba linalovuja. Funga koki zote za ndani, angalia mita ya maji. Ikitulia tuli, bomba huenda halina kosa.

"Funga madirisha, washa jiko la mkaa, joto litakausha."

Hili naomba lisikilizwe kuliko yote, kwa sababu linaua. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaweza kulala asiamke. Na hata ukiiweka kando hatari hiyo, joto bila njia ya kutokea hewa halikaushi nyumba. Linatoa maji ukutani na kuyajaza chumbani. Usiku pakipoa yanarudi kwenye kuta, kabatini na kwenye nguo.

Kinachokausha ni hewa inayoingia upande mmoja na kutokea mwingine. Elekeza feni ili upepo wake utambae ukutani, si katikati ya chumba. Lakini usiache madirisha wazi saa zote. Alfajiri na usiku hewa yetu ni nzito, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Fungua jua likishapanda, mchana hadi alasiri, kisha funga. Mwenye kiyoyozi akiwashe wakati huo wa kufunga: yale maji yanayodondoka nje kwenye mpira wake ni unyevu wa chumbani kwako. Sogeza makabati na makochi, yaache nafasi ya mkono mzima kutoka ukutani, maana nyuma ya kabati ndiko kuvu huanzia.

Na kuvu hangoji. Kitu kilicholowa kikikaa saa 24 hadi 48 bila kukauka, tayari anaweza kuanza kuota. Wengi hukimbilia Jik. Kwenye vigae na sinki inafaa. Kwenye mbao, jipsamu na plasta, klorini huishia juu, maji yake yanazama ndani, doa linapauka na mizizi inabaki. Pia kuvu aliyekufa bado anaweza kumsumbua mwenye pumu, kwa hiyo la muhimu ni kumtoa, si kumbadilisha rangi. Vaa barakoa na glavu, sugua kwa sabuni na maji kidogo, kausha haraka. Jipsamu na zile mbao za unga wa mbao na gundi zikishavimba, kata utupe. Na kamwe usichanganye Jik na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu.

Kama maji yametoka kwenye chemba au karo, usilinganishe na maji ya bomba. Godoro, zulia na mito ya makochi iliyoyanyonya havisafishiki hata ukivianika wiki nzima. Vitupwe, hata kama inauma. Sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo dawa, na watoto wasiingie mpaka ikauke.

Umeme: zima swichi kubwa kabla ya kukanyaga maji, na kama ipo upande wenye maji usiifuate. Soketi iliyolowa ifunguliwe na fundi umeme. Kwamba "imeshakauka, jaribu tu" si kipimo.

Wenye nyumba za zamani za mawe na chokaa mara nyingi hushauriwa kuzipiga plasta ya saruji "ili maji yasiingie". Chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Saruji juu yake huufungia unyevu ndani, na mwisho plasta huachia kwa mabamba makubwa. Nenda Tongoni, kusini mwa mji, uangalie kuta za magofu yale: matumbawe na chokaa, mamia ya miaka ya masika. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa.

Habari ya mlango nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu nusura tuuharibu. Mlango wa jikoni ni wa mninga, uliachwa na marehemu baba. Ulivimba, ukagoma kufungwa, na kila aliyepita alisema piga randa. Mbao ikilowa hutanuka kwa upana, ikikauka hurudi. Ukiipunguza imevimba, ikishakauka unabaki na upenyo wa kupitisha panya. Tuliung'oa kwenye bawaba, tukaulaza kivulini juu ya vipande vitatu vya mbao ili hewa ipite chini na juu, tukaugeuza kila siku. Jua kali lingeupinda. Kwa wiki tano jiko lilifungwa kwa pazia la kanga. Siku tuliyourudisha, komeo liliingia kwenye tundu lake bila kusukumwa.