Je, wajua kwa nini jibu la makosa humfaa mwalimu kuliko la sawa?

Tuchukue swali moja la gredi ya tatu, la kuchagua jibu kwenye kishikwambi: 53 – 17. Mtoto akibofya 36, mwalimu hupiga tiki na kusonga mbele. Akibofya 44 je? Huyo aliona 3 haitoi 7, akaigeuza: 7 toa 3 ni 4, 5 toa 1 ni 4. Aliyebofya 46 anajua kukopa, ila alikopa kumi akasahau kuipunguza kule kwenye makumi. Wa 70 amejumlisha. Alama ya kutoa hata hakuitazama.

Wote watatu wamekosa, lakini ugonjwa si mmoja. Kwa hiyo anayetunga chemshabongo ya hesabu kwenye kishikwambi hutoka jasho zaidi kwenye majibu ya makosa kuliko kwenye swali lenyewe. Akijazia nambari za ovyo, 9 au 200, mtoto ataziruka kwa macho tu na mwalimu hatajua lolote.

Nambari za swali nazo zina ujanja wake. Badili 53 iwe 52. Aliyegeuza atapata 45, na aliyesahau kupunguza kumi atapata 45 vilevile. Makosa mawili yamevaa kanzu moja! Kishikwambi kitaandika "45", basi, na mwalimu asijue aanzie wapi.

Wazo hili si geni. Mwaka 1978 watafiti John Seely Brown na Richard Burton walieleza kwamba makosa mengi ya watoto katika hesabu hufuata kanuni, ila kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Walikuwa na programu ya kompyuta, BUGGY, iliyowafunza walimu kuzitambua kanuni hizo.

Bahati nayo haikosi kujiingiza. Penye majibu manne, anayefumba macho hupatia mara moja katika nne. Ndiyo maana hatuhukumu kwa swali moja. Anayebahatisha hunaswa na mtego fulani, tuseme jibu la kugeuza, katika maswali yote matatu mara 1 tu kati ya 64.

Kisha kuna maswali yaliyoletwa kutoka mbali. Ya treni na lifti hurekebishika upesi: hapa Lamu weka abiria wa boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, au mizigo ya punda. La saa ndilo gumu. Picha yaonyesha 8:00, swali ni "Saa ngapi?", na kati ya majibu kuna 8 na 2. Mtoto wa mtaa wa Langoni abofya 2, kwa kuwa nyumbani kwao hiyo ni saa mbili asubuhi. Mashine yampiga mkasi. Hapo kilichopimwa ni kusoma saa kwa Kiingereza. Mimi ningeuliza hivi: umeingia darasani 8:20, ukatoka 8:50, umekaa dakika ngapi? Aisome 8 au aisome mbili, jibu ni 30.