Kuunganisha Gmail na Thunderbird: kwa nini nachagua IMAP

Wateja wangu wengi hapa Mwanza, kuanzia wasafirishaji wa minofu ya sangara hadi wenye nyumba za wageni Kirumba, husoma Gmail kwenye kivinjari, na huomba kuwekewa Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, wanapotaka barua zao zisomeke hata mtandao unapokatika, kwa mfano wakiwa ndani ya kivuko cha Ukerewe.

Usanidi wenyewe ni mfupi. Ukishaandika jina na anwani, programu hutafuta yenyewe mipangilio ya seva, yaani kompyuta za Google zinazohifadhi barua. Ikishindwa, jaza imap.gmail.com, poti 993, kwa barua zinazoingia, na smtp.gmail.com, poti 465, kwa zinazotoka, zote mbili zikilindwa kwa usimbaji wa SSL/TLS. Njia ya uthibitishaji iwe OAuth2, ambapo nywila huandikwa kwenye dirisha la Google lenyewe. Programu kongwe zisizoijua njia hiyo zilianza kukataliwa mwaka 2022, na sasa huhitaji nywila maalumu ya herufi 16, ambayo haitolewi mpaka uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Linalostahili kufikiriwa ni uchaguzi kati ya IMAP na POP3, njia mbili za programu kuzifikia barua zilizo kwenye seva. POP3 huvuta barua na kuziweka kwenye kompyuta moja, na isipoagizwa vinginevyo inaweza kuziondoa kwenye seva, kwa hiyo kompyuta ikiibwa au diski ikifa, mkataba wa mnunuzi wa ng'ambo umekwenda nayo. IMAP huziacha kwenye seva, na barua uliyoisoma ofisini huonekana imesomwa hata kwenye simu. Tahadhari ni kwamba hiyo si nakala ya akiba: unachokifuta huku hufutika kote.

Bando nalo lina neno lake. Thunderbird kwa kawaida hupakua barua zote, za miaka yote, pamoja na viambatisho, na ofisi inayotumia modemu ya simu huligundua hilo salio likiwa limeisha. Kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya ulandanishi na hifadhi, mimi huweka siku 30 za karibuni tu. Folda ya Gmail inayokusanya barua zote nayo huizuia isionekane kwenye IMAP, kupitia mipangilio ya lebo ndani ya kivinjari, ingawa mwenye mazoea ya kuhifadhi barua kando ya kikasha atalazimika kuzitafuta hukohuko kwenye kivinjari.