"Pasta, sala zangu zimekauka"

Mwezi huu huyu alikuwa wa tatu kuniletea neno hili. Mama muuza unga pale soko la Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, Katanga, mwanakwaya tangu usichana wake. Kabla hajakaa vizuri alifungua mkoba, akatoa chupa ndogo ya mafuta na daftari la shule. Ndani yake nabii fulani alikuwa amemwandikia mfungo wa siku 21. "Pasta, sala zangu zimekauka. Wanasema shangazi ndiye amenifunga kwa uchawi."

Nimemchoka shangazi huyu. Kila anayekuja anaye, na kila mara kosa ni lake. Misemo ninayoisikia kwao ni ileile; niijibu mmoja mmoja.

"Sala ikikauka, umefungwa, au kuna dhambi unaificha."

Dhambi hukausha sala, sikatai. Anayejua alichofanya akatubu. Lakini mama huyu nilimuuliza swali moja tu: "Mama, unalala saa ngapi?" Saa tano. Saa tisa yuko macho kuwahi magari ya unga. Jumatano na Ijumaa anakesha kanisani. Halafu mtu mzima anamwongezea siku 21 bila kula!

Someni 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushinda Karmeli, mara anaomba afe. Malaika hakumuuliza nani amekuroga. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha, akampa tena. Mazungumzo na Mungu yalingoja mpaka mlima Horebu.

Na aliyelala vizuri naye hukauka. Sisi Wamethodisti hatuchoki kusimulia Mei 24, 1738, siku moyo wa John Wesley, mwanzilishi wetu, ulipopata joto la imani kule London. Januari 1739 hatuisimulii: aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Na kuhubiri hakuacha. Mama Teresa wa Kalkuta naye, barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zinaonyesha kwamba kwa karibu miaka 50 alisali gizani, bila kuhisi uwepo wa Mungu isipokuwa kwa vipindi vifupi. Shangazi yake alikuwa nani? Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila haleluya, na hakuna aliyethubutu kuing'oa katika Biblia.

Mtoto wa Katanga hakupaswa kuhubiriwa jambo hili. Mwezi wa tisa, vumbi limefunika kila kitu, mvua hatujaiona tangu mwezi wa nne au wa tano. Toka nje ya mji uitazame miti ya miombo porini: majani mapya yameanza kuchomoza, mekundu kama shaba, nayo hayakuingoja mvua. Mizizi inakunywa huko chini sana.

Dawa yangu, ambayo wachungaji wenzangu wanaicheka: wiki 2 bila kesha. Lala. Zaburi moja fupi kwa sauti, mahali palepale, saa ileile, dakika 10, uhisi usihisi. Mafuta yarudi jikoni. Na mtu anayelia wiki baada ya wiki, chakula hakipiti, namtuma kwa daktari bila aibu yoyote.

"Nimeokoka miaka 30, nimeshakomaa."

Hapo umehesabu miaka tu. Waebrania 5 iliwaandikia watu wa namna hiyo: walitakiwa wawe walimu, kumbe bado wananyonya.

"Kufunga zaidi ni kukua zaidi."

Mwenye vidonda vya tumbo afunge simu, si chakula.

"Nikiacha kazi ya Mungu, nami nimeacha kukua."

Haya nayasikia kwa wastaafu na wagonjwa, na huwa nawajibu kwa upole kidogo. Simon Kimbangu, nabii wa hapa Kongo, alihubiri hadharani miezi isiyofika 6, mwaka 1921. Wabelgiji waliotutawala wakamfunga, akafia gerezani katika mji wetu huu, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, Oktoba 12, 1951. Miaka 30 ya kifungo kwa miezi michache ya mimbari. Wasemeni Wakimbangu, wafuasi wake, mnavyotaka, lakini nionyesheni aliyethubutu kusema kwamba miaka ile 30 ilikuwa bure.

Yule mama alipita jana baada ya ibada. Sala bado kavu, alisema. Nilimwambia asome Zaburi ya 23. Yeye amechagua ya 88, na anaisoma mlangoni kabla watoto hawajaamka. Daftari bado analo. Kurasa za nyuma sasa anaandika madeni ya wateja wa unga.