Mshale wa joto usiopanda si sifa ya gari

Anayetafuta gari lililotumika husikia mengi kwa wauzaji. Mojawapo ni hili: "Gari hii haichemshi ng'o. Ipandishe mlima Kitonga na mzigo, mshale wala hauinuki." Muuzaji hulisema kwa kujidai. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tukilisikia, cha kwanza tunachohisi ni kwamba themostati imeng'olewa.

Injini imeundwa ifanye kazi ikiwa moto. Kwenye magari mengi ya petroli, maji yanayoizunguka hukaa kati ya nyuzijoto 85 na 105 hivi. Themostati ndiyo mlinzi wa mlango: ndani yake mna nta, na maji yakikaribia nyuzi 80 na kitu nta hutanuka, mlango ukafunguka, maji yakaenda kupoa kwenye rejeta. Kabla ya hapo mlango hufungwa makusudi ili injini ipate moto upesi.

Lakini maji si huchemka kwa nyuzi 100? Kwenye sufuria Dar es Salaam, ndiyo. Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwa 94 tu. Ndani ya injini mfuniko wa rejeta hubana presha, na kulanti, yaani maji ya kupozea injini yaliyotiwa dawa, inaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Kwa hiyo mfuniko uliochoka mpira, kifaa cha bei ndogo kabisa, unatosha kulichemsha gari zima. Na ukiufungua injini ikiwa moto, maji yale hulipuka kuwa mvuke usoni mwako.

Themostati huondolewa vipi? Gari linachemsha. Badala ya kutafuta chanzo, pengine rejeta iliyoziba kutu kwa kujazwa maji ya bomba miaka nenda rudi, fundi anaitoa themostati. Joto linashuka, mteja anashukuru. Ila kompyuta ya injini ikisoma nyuzi 60 hudhani gari ndiyo kwanza limewashwa, hivyo inaongeza petroli. Plagi zinashika masizi, oili inabaki na unyevu, na mwenye gari analalamika kwamba linakunywa mafuta. Kuna hata injini ambazo bila themostati huchemsha kwenye foleni, maana maji hupita njia ya mkato badala ya kwenda kwenye rejeta.

Mshale nao usiuamini sana. Watengenezaji wengi wameupanga utulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa. Ukiuona unasogea, mambo yameshaharibika. Vitz na Passo nyingi hazina mshale kabisa, zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Mwombe fundi achomeke mashine ya kusoma kompyuta, mzione namba zenyewe.

Nenda kuliona gari asubuhi, na gusa boneti kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, limeshawashwa. Omba urudi siku nyingine. Likiwa baridi, fungua rejeta: maji ya rangi ya kutu au yenye mafuta yanayoelea ni habari mbaya. Rudisha mfuniko, washa injini, zima AC (nyingi huwasha feni hata injini ikiwa baridi), kisha shika paipu ya juu ya rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Inatakiwa ibaki baridi dakika kadhaa, halafu ipate moto kwa ghafla. Ikipata moto polepole tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi.

Usiondoke bado. Subiri feni iwake, izime, iwake tena. Isipowaka na joto likazidi kupanda, zima injini, mrudishie muuzaji ufunguo wake.