Mgambo: neno lililozaa ugomvi wa bunduki Marekani

Anayetaka kuelewa kwa nini Wamarekani hawaishi kuvutana kuhusu bunduki aanze na neno moja, mgambo. Limo mwanzoni mwa Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Ni sentensi moja tu, na kwa Kiswahili inakwenda hivi: kwa kuwa mgambo wenye utaratibu mzuri ni wa lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya watu kuweka na kubeba silaha haitaingiliwa.

Msomaji wa Dar es Salaam akisikia mgambo huwaza askari wanaowafukuza wamachinga barabarani. Hiyo aiweke kando. Inayofaa hapa ni maana ya zamani, ule wito wa pembe tunaousema katika methali kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mgambo wa makoloni ya Uingereza kule Amerika walikuwa wakulima, maseremala na wenye maduka ambao, wakiitwa, waliacha kazi na kutoka na bunduki zao.

Jeshi la kudumu la mfalme waliliogopa, na hofu hiyo waliirithi kutoka Uingereza. Mfalme James wa Pili, Mkatoliki, alilaumiwa kwa kuwanyang'anya Waprotestanti silaha huku akiweka jeshi wakati wa amani. Alipoondolewa, Sheria ya Haki ya Uingereza ya 1689 iliwaruhusu Waprotestanti kuwa na silaha za kujihami, kwa kadiri ya hali zao na kama sheria inavyokubali. Kisha Aprili 1775 askari wa Uingereza walitoka Boston kwenda Concord kukamata silaha na baruti za wakoloni, na njiani, pale Lexington, risasi zikalia. Vita vya uhuru vilianza hivyo.

Kwa hiyo bunduki ilikuwa wajibu pia, tena wa gharama. Sheria ya Mgambo ya 1792 ilimtaka kila raia mwanamume mweupe, huru na mwenye siha, wa miaka 18 hadi 45, ajinunulie mwenyewe bunduki, singe, mawe mawili ya gumegume ya akiba na risasi zisizopungua 24.

Neno "mweupe" hapo tusilipite haraka. Virginia ilikuwa imekwisha kuwakataza Waafrika kubeba silaha tangu 1680. Katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, mwaka 1857, Jaji Mkuu Roger Taney aliona ni jambo la kutisha kwamba weusi wakihesabiwa raia wangeweza kubeba silaha popote waendapo. Utumwa ulipokwisha, Mississippi ikatunga sheria mwaka 1865 kwamba mtu huru mweusi asiye na kibali asiwe na bunduki. Na mwaka 1967, baada ya Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, kuzunguka Oakland na bunduki wakiwafuatilia polisi, Gavana Ronald Reagan wa California alitia saini sheria ya kukataza kubeba bunduki yenye risasi hadharani. Ndiyo, Reagan huyo huyo aliyekuja kuwa rais.

Hata miji ya wachunga ng'ombe ilikuwa na amri zake. Tombstone, Arizona, ilikataza kutembea na silaha mjini, na mapigano mashuhuri ya 1881 yalizuka wakati maofisa walipokwenda kuwapokonya watu bunduki.

Mwaka 1939 Mahakama ya Juu ya Marekani bado iliusoma mgambo kwa uzito: shotigani iliyokatwa mtutu haikuonekana kuwa na uhusiano wowote na mgambo, basi haikulindwa. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, majaji watano dhidi ya wanne walisema haki hiyo ni ya mtu binafsi kujilinda nyumbani, awe mwanamgambo au asiwe. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba sheria ya bunduki lazima ilingane na mapokeo ya kihistoria ya taifa. Tangu hapo mawakili wanafukua amri za karne ya 18 kutetea sheria za bastola za leo.

Mwaka 2024 swali likawa iwapo mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyimwa bunduki. Majaji wanane walikubali, wakitaja sheria za kale zilizomtaka mtu wa kutiliwa shaka atoe dhamana kwamba atalinda amani. Aliyepinga peke yake ni Thomas.