Duka la Ndugu: Hesabu ya Ubia Kwanza, Mirathi Baadaye

Kesi za ndugu wanaogombania duka huanza karibu zote na maneno haya: "Tunataka mirathi yetu." Marehemu aliendesha duka na mdogo wake miaka na miaka, Darajani au Chake Chake, hapa Zanzibar, bila hata karatasi moja ya makubaliano. Khitma ikisha, watoto humwambia ami yao kuwa duka ni la baba. Naye hujibu: "Wanangu, mtaji huu tulitia sote." Haipiti wiki, mlango una makufuli mawili.

Kisha hukimbilia kwa kadhi. Mahakama ya Kadhi inasikiliza ndoa, talaka, wakfu na mirathi ya Waislamu. Mzozo wa ubia, yaani nani alitia nini na nani anamdai nani, una mahakama zake, zile za kawaida. Mirathi hugawa cha marehemu tu, na cha marehemu hakijulikani mpaka ubia uhesabiwe.

Ubia wa watu wawili huvunjika mmoja akifariki. Warithi hawawi wabia kwa kurithi. Wanachorithi ni haki ya kulipwa fungu la mzee wao. Tuseme bidhaa, fedha taslimu na madeni ya kukusanya yana thamani ya shilingi milioni 90. Watu wa nje wanalidai duka milioni 18, hao hulipwa mwanzo. Zinabaki 72. Mdogo aliwahi kulikopesha duka milioni 6. Anarejeshewa, zinabaki 66. Halafu mitaji: kaka alitia 20, mdogo 10. Zilizobaki 36 hugawanywa sawa kwa sawa, kama hawakuwahi kukubaliana vingine. Fungu la marehemu ni milioni 38, yaani mtaji wake 20 na nusu ya hizo 36.

Hizo 38 ndizo zinazoingia kwenye mirathi, na hata hapo madeni yake binafsi na wasia hutangulia. Ikiwa hana deni wala wasia na ameacha watoto, thumni ya mjane ni milioni 4.75. Akihesabiwa kwa duka zima angeambiwa 11.25, na tofauti hiyo ndiyo inayovunja udugu.

Vita vikubwa huwa kwenye daftari. Nalipenda daftari la zamani, hata likiwa limelowa mafuta ya taa, kwa sababu lina mwandiko wa marehemu mwenyewe: "nimechukua, harusi ya mtoto", "ada ya skuli". Fedha kama hizo kwa kawaida hukatwa kwenye fungu la aliyechukua. Ndugu huona aibu kuzitaja. Mimi nasema zitajwe zote, za pande zote mbili. Ukilificha daftari, hakimu ana haki ya kukudhania vibaya.

Ami aliyebaki anaweza kukusanya madeni na kuuza bidhaa ili kufunga hesabu. Akiendelea kufanya biashara kwa mtaji wa marehemu kama wake peke yake, warithi wana haki ya kudai sehemu ya faida.

Kwa hiyo yaondoeni makufuli. Hesabuni bidhaa mbele ya watu wa pande zote, kila mmoja atie saini kila ukurasa. Mkishapatana na kesi iko mahakamani, ombeni mapatano yaandikwe kuwa hukumu, ili asiyelipa akazwe kwa amri ya mahakama badala ya kuitiwa kikao kingine cha ukoo.